Kuvua mshipi Kunduchi kipindi cha vuli: piga hesabu ya kurudi kabla hujatoka

Novemba bahari ya Dar haina msimamo. Kusi, ule upepo wa kusini, imeshalala, kaskazi, ule wa kaskazini, bado haijashika, kwa hiyo unaamka alfajiri maji yametulia kabisa mpaka boti zilizotia nanga kila moja imegeukia upande wake, saa tano upepo umeshaanza kuingia kutoka baharini, saa nane wingu jeusi limekaa juu ya kisiwa cha Mbudya mvua inapiga huko na huku Tegeta jua linawaka. Ndio maleleji hayo, na ndio kipindi watu wengi wa mjini wanatamani kwenda kuvua maana Juni na Julai kusi iliwatisha. Twendeni tu, samaki wapo, ila siku ya namna hii hupangi kuanzia utavua nini, unapanga kuanzia utarudi saa ngapi na utarudi ukipitia wapi. Mengine yote yanafuata hapo.

Sasa anza na maji, sio na upepo. Watu wanafungua simu wanaangalia mvua asilimia ngapi wakati boti yao saa hiyo wanayotaka kurudi haitafika hata karibu na ufukwe. Kwenye bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu na siku mbili tatu baada yake, huku kwetu maji yanajaa mida ya saa kumi, alfajiri na jioni, na yanakauka mida ya saa nne asubuhi. Tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita tatu, Kunduchi pale unaona mchanga na majani mpaka mbali na boti zimelala ubavu. Maana yake ukitoka saa kumi na moja alfajiri vizuri kabisa, lakini wingu likija saa nne huna pa kuingilia, utakaa nje mpaka maji yapande vya kutosha, saa saba saa nane hivi, na hiyo ndio saa upepo wa bahari umeshachangamka. Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo baada ya wiki mambo yamegeuka, yanajaa saa nne asubuhi na kupwa saa kumi. Hayo ndio maji mafu, hayajai sana wala hayakauki sana, boti inaelea karibu saa zote, mkondo mdogo, na chubwi, lile zito la mshipi, inakaa chini pale pale ulipoishusha badala ya kuburutwa. Kwa mtu anayeenda siku moja na hali ya hewa ni kigeugeu mimi nasema chagua siku za maji mafu, basi. Wavua pweza wa kutembea kwa miguu wao ndio wanataka bamvua, waachie.

Ukishapata siku ndio uangalie upepo. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, wanatoa utabiri wa baharini na wakiona mbaya wanatoa tahadhari, ile ya upepo unaofika kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili, na ikishatoka hiyo mjadala umeisha, haijalishi asubuhi umeona bahari imelala. Kuna watu wanadharau sana hizi tahadhari eti mara nyingi hakuna kitu, lakini Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuja mpaka Mafia, na boti za Zanzibar zilisimama. Vimbunga kufika kwetu ni nadra, upepo wa ghafla wa vuli sio nadra. Kwenye programu kama Windy usiangalie upepo wa wastani peke yake, angalia na mapigo ya ghafla, maana wastani unaweza kuwa noti 8 (noti ni maili ya baharini kwa saa) na mapigo ni 20. Chini ya noti 10 mtu wa kawaida anafurahia, 12 mpaka 15 povu jeupe liko kila sehemu na mnalowa wote, ikigonga 20 kwa boti ndogo baki nyumbani ukakaange dagaa. Halafu alfajiri ukifika ufukweni funga simu uangalie kwa macho. Umande, yaani upepo wa alfajiri wa nchi kavu, unatoka bara, taratibu, una ubaridi, hiyo ni kawaida na ni dalili nzuri. Kama alfajiri hakuna umande, kumekaa joto la kubana, na huko mashariki mawingu yamepanda juu marefu kichwa kimetanuka, hiyo siku usitoke mbali.

Chombo na nahodha. Kama huna boti yako unakodi pale diko, wanaposhushia samaki, na hapa nitakuwa mkali kidogo: usikodi chombo, kodi mtu. Boti ya faiba mpya yenye mashine kubwa na kijana ambaye hajawahi kulala nje haikusaidii, afadhali ngalawa ya mzee mwenye miaka yake majini. Ulizia kwa watu wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, wanajua nani ni nani, na hakikisha chombo kimesajiliwa na leseni ya uvuvi ipo, maana doria ikiwakuta nje huko ndio siku imeishia hapo. Ukikutana naye mwamkie vizuri, "Shikamoo mzee, leo bahari inasemaje?" halafu nyamaza umsikilize. Akikwambia "leo twende hapa hapa karibu" basi ni karibu. Akikwambia leo hapana, ni hapana, usianze kuongeza hela. Ule mtindo wa kumuongezea elfu ishirini mtu ili aende mahali moyo wake umekataa, jamani tuache, unamnunua mtu anayekuamulia uhai wako.

Kabla ya kupakia angalia vitu vichache kwa mkono wako, kwa heshima lakini angalia. Jaketi okozi moja kwa kila kichwa, na zivaliwe, sio zimekaliwa. Kopo au ndoo ya kufulia maji, yaani kuyatoa botini, iwe imefungwa kamba isije ikaondoka na wimbi. Makasia mawili hata kama kuna mashine. Plagi ya akiba na spana yake, pini za akiba za propela, kisu, tochi, filimbi, kamba ndefu. Mafuta gawa mafungu matatu, moja la kwenda na kuhangaika, moja la kurudi, moja haliguswi, na mashine ya nguvu farasi 15 ya tu-stroki ukiibana sana inakunywa kama lita sita saba kwa saa kwa hiyo piga hesabu usikisie. Maji ya kunywa lita tatu kila mtu hata kama mnaenda nusu siku. Simu iingie kwenye mfuko wa kufunga zipu, halafu mfuko mwingine, na pawabenki nayo hivyo hivyo. Na mtu mmoja wa nchi kavu, anayejua mko wangapi, mmeelekea wapi na saa ya mwisho ya kurudi, ikipita hiyo saa anampigia mwenyekiti wa BMU bila kungoja eti labda wamechelewa. Tumbo nalo, asubuhi kula kitu chepesi, muhogo wa kuchemsha au andazi na chai ya tangawizi, achana na supu ya mafuta na maharage, na boti ikianza kuchezacheza angalia mbali pale mbingu inapokutana na maji, usiinamie simu.

Nanga niseme peke yake kwa sababu watu hawaipi uzito. Kwenye mwamba tumia ile ya nondo yenye makucha ya kukunja, ikinasa unavuta kwa nguvu ya mashine makucha yananyooka inatoka. Kamba iwe mara tatu ya kina au zaidi, ukivua pima 15 (pima ni upana wa mikono miwili iliyonyooshwa) uwe na pima 45 hivi, chini ya hapo upepo ukiongezeka nanga inaburuza. Inafungwa omo, yaani mbele ya chombo, siku zote omo, ukiifunga tezi wimbi linaingia kwa nyuma na chombo kinajaa mnaangalia hivi hivi. Na mwisho wa kamba funga dumu tupu la lita tano. Faida yake utaiona wingu likija na nanga imegoma kutoka, unaitupa kamba yote na dumu lake, mnaondoka, kesho mnakuja kuliokota.

Sasa wapi. Mbele ya Kunduchi una Mbudya, chini yake Pangavini na Bongoyo, juu kuna Fungu Yasini, na hivi vyote vinne ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975, kuvua humo marufuku. Muulize nahodha mipaka ilipo na usimshawishi aikaribie. Kujificha upepo nyuma ya kisiwa ni jambo jingine, Mbudya kule upande wa bara maji yanatulia, na ukishuka ufukweni kuna kiingilio, lipa ukae. Mshipi unavua kwenye miamba iliyo nje ya mipaka, na kanuni yangu ni kuanzia kusini halafu kurudi kaskazini taratibu. Mkondo mkubwa wa pwani yetu unapanda kaskazini mwaka mzima, kusi inauongezea nguvu na kaskazi inaupunguza, kwa hiyo ukianzia kusini ukichoka au mashine ikigoma maji yanakuleta usawa wa nyumbani. Ukianzia kaskazini maji yanazidi kukupeleka Bagamoyo. Ndani ya visiwa mambo ni tofauti kidogo maana huko maji yanafuata kujaa na kupwa, ndio maana nasema mwenye mji wake ni nahodha.

Mkifika mahali pazuri msitegemee simu peke yake kupakumbuka. Piga pini ndio, lakini chukua na alama za nchi kavu, mbili mbili: kilima cha Wazo kimekaa juu ya jengo fulani, na upande wa pili ncha ya kisiwa imegusa mnara fulani. Zikikaa sawa zote mbili upo pale pale. Na dira ndogo ya mkononi, andika Kunduchi iko upande gani kutoka hapo mlipo, kwa sababu mvua ikishuka hutaona Wazo wala kisiwa wala omo yako vizuri.

Mshipi wenyewe. Nailoni namba 60 au 80 inatosha kwa changu na wenzake, chubwi ya robo kilo chini kabisa, juu yake ndoano mbili kwenye vipande vifupi vya kama shubiri moja, namba 8 mpaka 12, na kumbuka namba ikipanda ndoano inakuwa ndogo. Chambo bora ni ngisi, kata vipande virefu vyembamba kama kidole cha mtoto, chomeka ndoano mara mbili na uache mkia uchezecheze, dagaa na kibua wa kukata nao wanafaa ila wanachomoka haraka. Kidole cha shahada kivishe kipande cha mpira wa chubu ya baiskeli, nailoni ikivutwa na chewa inakata nyama. Shusha mpaka chubwi igonge chini, utaisikia, halafu nyanyua kama mkono mmoja na tulia. Changu anadonoa, tuk tuk, usivute, akishabeba mshipi unakuwa mzito kidogo na unaenda pembeni, hapo nyakua kwa kiwiko na usimpe nafasi. Chewa yeye hadonoi, anameza na kukimbilia pangoni, ukichelewa sekunde mbili unavuta jiwe. Dakika ishirini hamna kitu hameni, msikae mnahadithiana.

Kuna wa kuangalia mkono. Tasi ana miiba ya sumu mgongoni na tumboni, akikuchoma inauma mpaka machozi, dawa ni kuchovya mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, kwa hiyo chupa ya chai sio ya chai tu. Bunju, yule samaki anayejivimbisha, rudisha majini, sumu yake haiishi kwa kupika. Kasa akinasa kata kamba taratibu umwachie, analindwa na sheria.

Haya, kugeuka kwa hali ya hewa. Kwanza weka saa ya kukunja kabla hamjaondoka, mimi vuli naiweka saa nne na nusu asubuhi, hata kama samaki ndio wanaanza kula, na hapo ndio utajua nani mvuvi nani mbishi. Pili teua mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuangalia upande wa upepo, kwa zamu, maana wote mkiinamia mishipi hakuna anayeona kitu. Dalili zenyewe ni hizi: upepo uliokuwa unavuma unakata ghafla kumekaa kimya, halafu kunakuja ubaridi ambao haukuwepo, na kule mbali kuna pazia la mvua limegusa maji, chini yake maji yamekuwa meusi. Ndipo mzee atasema tu, "Mwanangu, kunja." Hajibiwi "subiri kidogo mzee". Fanya hesabu hii, wingu likitembea kilomita 30 kwa saa na kisiwa kilicho kilomita tatu kikafunikwa na mvua usikione tena, una dakika sita. Dakika sita ni kukunja mishipi minne na kung'oa nanga, basi, sio kumalizia samaki uliyemnasa.

Uamuzi ni mmoja kati ya mawili. Kama pa kujificha pako karibu na mnafika kabla ya wingu, nendeni. Kama hamfiki msikimbie, maana kukutwa katikati ya mwamba na mvua imeziba macho ni kubaya kuliko kukutwa kwenye maji ya kina. Kaeni kwenye kina, mashine iwake kidogo kidogo, omo iangalie upepo, watu wote wakae chini katikati na wawili waanze kufua maji kabla hayajawa mengi. Kama ni tanga, litue mapema, upepo ukishafika foromali, ule mti unaobeba tanga, haishuki kwa amani. Mashine ikizima katikati ya hayo, funga ndoo kwa kamba ndefu omo uitupe majini, itavutana na maji na kuigeuza omo ielekee upepo, bila hivyo boti inakaa ubavu na wimbi linaingia. Dhoruba nyingi za vuli zinapita ndani ya nusu saa mpaka saa nzima, ni kuvumilia tu. Radi je? Ukiona mwanga hesabu sekunde mpaka mlio, kila tatu ni kilomita moja, ikiwa chini ya thelathini mpo ndani ya eneo lake tayari, laza mlingoti kama unalazika, fimbo za kuvulia chini, mikono nje ya maji.

Mlango nao uangalieni sana. Pale maji yanapotokea katikati ya miamba, maji yakiwa yanatoka na upepo unaingia vinagongana, mawimbi yanakuwa mafupi yamesimama wima hata kama nje kumetulia. Nguvu ya maji inakuwa kubwa zaidi katikati ya kupwa, saa ya tatu na ya nne tangu yaanze kutoka. Mkifika saa hiyo ngojeni nje, au zungukeni mlango mwingine hata kama ni mbali. Mnaokimbilia nyumbani mmechoka na mmelowa ndio mnaharakisha hapo, na boti nyingi hazipindukii bahari kuu, zinapindukia hapo ukiwa unaiona nyumba yako.

Mashine ikigoma kabisa, cha kwanza ni nanga, kama kina kinaruhusu, sio kuvua kava. Ukishasimama ndio ukague, mafuta yanafika, pumzi ya tangi imefunguliwa, mpira haujabanwa, badilisha plagi. Mara nyingi ni pumzi imefungwa au maji yameingia kwenye mafuta. Mtandao upo sehemu kubwa ya hapa kwa sababu ya minara ya mjini, piga simu mapema mwanga ukiwepo, usingoje saa kumi na mbili jioni ndio uanze kuona aibu kuomba msaada. Na hata ikitokea nini msiiache boti mkaogelea, boti iliyojaa maji bado inaelea na inaonekana, kichwa cha mtu hakionekani. Mkilazimika kuingilia ufukwe mwingine, Mbezi au Ununio, ingieni tu, boti itafuatwa kesho, nauli ya bajaji mtachanga.

Samaki muwaue haraka na muwaweke kwenye barafu tangu mwanzo, sio mwisho wa safari, jua la Novemba lina dakika thelathini tu na changu macho yameshaingia ukungu. Mkifika, mafuta yanatolewa kwanza, kinachobaki kinagawanywa, chombo fungu lake, nahodha lake, nyie lenu, na haya yasemwe asubuhi kabla ya kutoka sio ufukweni watu wameshika visu. Mpe nahodha achague samaki wake kwanza. Mashine iendesheni kwenye pipa la maji baridi kama dakika tano chumvi itoke, mishipi isuuzwe na kuanikwa kivulini kwani jua linaidhoofisha nailoni, ndoano zenye kutu tupa lakini sio mchangani, kuna watoto wanapita hapo peku.